Je, kundi moja la wapenda magari linaweza kubeba Peugeot 504, Subaru na Probox?

Mzee wa 504 (Nakuru) anauliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaleta jambo ambalo limenisumbua kwa wiki 3 sasa, na ninaamini kwamba miongoni mwenu wapo waliokwisha kulipitia.

Hapa Nakuru tuna kundi la wapenda magari wapatao 25 ambao hukutana Jumapili moja ya kila mwezi, wakati mwingine kwenye ukingo wa Menengai na wakati mwingine katika ua wa gereji ya mwenzetu upande wa Shabab. Tulioanza tulikuwa 4, sote wenye magari ya zamani: mimi na Peugeot 504 aliyoniachia marehemu baba, jirani yangu mwenye Land Rover, mwalimu mstaafu mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe, na mwingine mwenye Toyota ile tuliyozoea kuiita DX. Baadaye wakajiunga vijana wa Subaru, kisha wenye Land Cruiser ambao raha yao ni matope ya Mau, na mwishowe mama mmoja wa Molo anayesafirisha mboga kwa Probox, ambaye siku ya kwanza tulidhani amepotea njia.

Mwezi uliopita tulifunga safari ya kwenda Kisumu kula samaki, magari 11. Kutoka Nakuru hadi Salgaa tulikwenda kwa mpangilio mzuri. Mpando wa Sachangwan ulipoanza, walio mbele wakakanyaga mafuta, na haikupita muda nikawa sioni hata taa ya nyuma ya mmoja wao. Mshale wa joto ulipokaribia mwisho, nilitoka barabarani, nikafungua boneti, nikakuta feni inazunguka kivivu ilhali maji yanatokota. Wenye 504 wanajua kwamba feni yake haizungushwi na injini wakati wote; hushikwa na sumaku ya umeme pale tu maji yanapopata moto, na umeme huo hupitia kwenye kaboni ndogo ambayo ikiisha, au waya wake ukikatika, feni huachwa ikielea. Aliyesimama ni yule mama wa Probox peke yake. Tulipopata namna ya kuifanya feni ishike, tuliendelea, tukafika Kisumu wenzetu wamekwisha kula na wanachokonoa meno. Katika kundi letu la WhatsApp tayari kulikuwa na picha ya gari langu likiwa limeachama kando ya barabara, iliyopigwa kutoka ndani ya gari la mwenzetu lililonipita bila kusimama, na chini yake mtu ameandika kwamba makumbusho yamehamia Sachangwan.

Nisiwe mnafiki. Vijana nao wana malalamiko. Kila mwanachama hutoa shilingi 500 kwa mwezi, na mwaka huu fedha hizo zimelipia mara 2 lori la kuivuta Land Rover kutoka Njoro, kwa hiyo wanasema wanachangia vyuma vya wazee. Sisi nasi huwaambia kwamba magari yao ni makelele matupu. Kisha huzuka ule ubishi wa Safari Rally: mimi huwakumbusha kwamba 504 ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978, wao hunijibu kwa Subaru Impreza ya dereva Colin McRae ya mwaka 1997, na ubishi ambao zamani ulikuwa wa kuchekesha siku hizi huacha watu wamenuna.

Sasa kuna pendekezo la kugawanya kundi mara 3: wa magari ya kale, wa mwendo kasi na wa matope. Tutaamua Jumapili ijayo. Je, tugawanyike? Na kama si hivyo, kundi la namna hii huendeshwa vipi bila watu kugeuziana mgongo?

Gia Tano (Kisumu) anajibu:

Jaduong', pole kwa yaliyokupata. Sisi wa huku tuligawanyika miaka 6 iliyopita kwa sababu ambazo ukizisoma utadhani ni zenu, tukakaa hivyo mwaka mmoja na nusu, kisha tukarudiana kwa aibu. Ningependa kusema kwamba kilichoturudisha ni upendo, lakini kilichoturudisha ni spea.

Fikiria hivi. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba Impreza ya mwaka 1998 inayopendwa na vijana wako haiwezi kuongezewa nyingine kutoka Japani. Zilizopo ni zile zilizokwisha kuingia, na kila inayogongwa hupunguza idadi. Kwa hiyo huyo anayekuita makumbusho naye anaendesha makumbusho, ila bado hajasomewa umri wake. Wote wawili mnategemea kitu kimoja, yaani mtu anayejua ni katika boma gani la Siaya au Butere ambamo kuna gari la aina yako limelala chini ya mwembe, na mwenye boma hilo anapenda kuombwa kwa lugha gani. Tulipokuwa tumetengana, mwenzetu wa DX alitafuta mlango wa kushoto kwa miezi 7 hadi akafika Kirinyaga Road kule Nairobi na kurudi mikono mitupu, kumbe mlango huo ulikuwa umeegemea ukuta wa nyumba ya kijana wa Subaru pale Mamboleo, ambaye shemeji yake alikuwa amevunja DX nzima. Hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa kuwa hakuwa tena katika kundi la kuulizwa.

Kuhusu msafara, naomba nikwambie jambo ambalo lilituchukua muda kulielewa. Mlima mnaopanda si mlima mmoja. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit inazidi mita 2,400. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Isitoshe, kabureta yako haijui kwamba hewa imepungua. Inaendelea kumimina petroli ile ile, moshi unakuwa mweusi na gari linazidi kuzubaa. Mwenye tabo yeye husukumiwa hewa kwa nguvu, na kompyuta humpimia petroli, hivyo mguu wake haumwambii kwamba kuna mlima wowote. Mlidhani mnagombania adabu, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kijana alikuacha Sachangwan kabla hajajua kwamba amekuacha.

Sisi tuliweka taratibu chache, nazo zinashikika kwa sababu hazimtaki mtu abadilike tabia. Gari la polepole kuliko yote hutangulia. La pili kwa nguvu hukaa mwisho kabisa, likiwa na kamba ya kuvutia, maji na jeki, na mwenye nalo tunamwita mfagiaji. Kila dereva humwangalia aliye nyuma yake katika kioo. Akimkosa hupunguza mwendo, aliye mbele yake naye atamkosa na kupunguza, hadi habari inafika mbele bila simu. Wanaotaka kukimbia hawazuiwi. Wanapewa kituo, tuseme Mau Summit, kisha Kericho, kisha Ahero, wanatangulia hadi hapo na kusubiri, na hakuna anayewalaumu kwa kutangulia wala wao hawamlaumu mtu kwa kuchelewa. Mfagiaji wetu siku hizi ni kijana wa Subaru Forester ambaye zamani alikuwa wa kwanza kupotea, naye anaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Amejinunulia hata fulana inayong'aa.

Na huo ubishi wa Safari, mbona mnautazama kwa rangi ya gari? Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo mnapopita mkija kwetu, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha miaka ya 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Ukimhesabia mtu huyo aina moja ya gari, unamnyang'anya nusu ya sifa zake.

Boksa (Nakuru) anajibu:

Mzee, shikamoo. Nimesita kuandika, lakini mimi ni mwanachama wa kundi hilo, na picha ile ilipigwa na mdogo wangu aliyekuwa kando yangu. Maneno yaliyo chini yake niliandika mimi. Kwa maneno hayo naomba radhi hapa hadharani, kwa kuwa nayo niliyaandika hadharani. Kwa kutosimama ninaomba unisikilize kwanza: nilikuwa nimechelewa kujaza mafuta Salgaa, nilikuta umeegesha mahali ambapo barabara inapinda, nyuma yangu kukiwa na lori la mizigo linalopanda kwa pumzi zake zote, na ningekanyaga breki pale tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Ningeweza kusimama mbele na kurudi kwa miguu. Hilo sikulifanya, na sina la kujitetea.

Sasa nami niseme langu. Kila tunapokutana Menengai, ninyi wazee hufungua boneti za magari yenu na kusimama mkisimuliana, na mmoja wetu akisogea huulizwa kama ameachwa na mama yake. Mimi nimeifungua injini yangu mara 2 kwa mikono yangu. Ninaweza kukueleza kwa nini gasketi ya kichwa cha injini ya lita 2.5 husumbua, na kwa nini kuzivua hizo gasketi bila kuitoa injini mahali pake ni kujitafutia ugonjwa wa mgongo. Lakini kwa miezi 14 ambayo nimekuwa nikitoa shilingi 500, hakuna mzee aliyewahi kuniuliza swali moja juu ya gari langu isipokuwa bei yake na kama nimeoa.

Kuhusu kelele, naomba kutofautisha. Ule mngurumo wa kukatakata mnaouchukia haukutokana na ekzosi kutobolewa. Injini ya boksa ina silinda 2 upande huu na 2 upande ule, na katika yale ya zamani mabomba yanayokusanya moshi kutoka pande hizo hayalingani urefu, kwa hiyo mipigo ya moshi hufika kwenye bomba kuu kwa kupishana, wala si kwa hesabu iliyo sawa. Gari lilitoka kiwandani likisema hivyo. Wapo wenzetu ambao wameondoa kizuia sauti kabisa, na hao hata mimi hunitoboa masikio. Tuwakemee pamoja, lakini msitukemee sote kwa jino moja lililooza.

Ya fedha ni mepesi. Mfuko wa kuvuta magari utengwe na mfuko wa kundi, kila gari litoe kitu kidogo siku ya safari, na atakayevutwa mara ya pili katika mwaka mmoja ajilipie mwenyewe. Nadhani hata mwenye Land Rover atakubali, maana ananunua soda kila mara kwa haya.

Mtazamaji (Eldoret) anajibu:

Nitakuwa mtu wa kuharibu sherehe. Sioni ubaya wa kugawanyika. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na mtu anayependa kuzama matopeni hadi kwenye mlango hana sababu ya kusimama juani akisikiliza historia ya kabureta. Mimi niko katika kikundi cha watu 6, sote tuna Land Cruiser za aina moja, na hatujawahi kugombana. Nikiri tu kwamba mazungumzo yetu yameanza kujirudia, na mwezi uliopita tulitumia saa 2 kujadili tairi tulizozijadili mwezi uliotangulia.

Mama Probox (Molo) anajibu:

Ndugu zangu, kwa kuwa nimetajwa, niruhusiwe kukamilisha habari, kwa maana Mzee ameikata mahali patamu.

Mzee amesema "tulipopata namna ya kuifanya feni ishike". Namna hiyo ilikuwa mwanangu wa mwisho, ambaye anasomea umeme katika chuo cha ufundi na siku hiyo nilikuwa nimekuja naye ili anisaidie kupakia dagaa wakati wa kurudi. Aliinama, akafuata waya, akakuta ile swichi inayohisi joto imekufa lakini kaboni bado ni nzima. Akachukua kipande cha waya ambacho nilikuwa nimefungia turubai la kabeji, akakimenya, akapeleka umeme wa betri moja kwa moja hadi kwenye kaboni, na feni ikashika pale pale. Mzee alimwuliza mara 3 kama anajua anachokifanya. Mara ya tatu kijana alimjibu kwa heshima kwamba feni ndiyo hiyo, inazunguka.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Mwanangu kazi ya kufuata waya kwenye gari hakufundishwa chuoni, ambako bado wako kwenye nyumba na swichi za ukutani. Alifundishwa na huyu huyu Boksa, Jumapili 2 mfululizo pale Shabab, walipokuwa wakitafuta kwa nini taa za Legacy ya mtu fulani zinakunywa betri usiku. Kwa hiyo aliyekupita Sachangwan bila kusimama, Mzee, mkono wake ulikuwa tayari umekufikia. Mkishagawanyika, mwanangu atakaa upande gani?

Na mimi mnaniweka wapi? Katika yale makundi 3 yaliyopendekezwa sikuliona langu. Gari langu si la kale, halikimbii, na matope huyaingia kwa sababu viazi haviji barabarani vyenyewe. Nimelipenda kwa miaka 9. Ninaijua injini yake kwa mlio, ninajua kwamba ni ile ile 1NZ iliyomo katika Fielder na Allion, na ndiyo maana siku ambayo koili ya Fielder ya daktari wetu ilikufa Londiani, nilimwazima ya akiba iliyokuwa chini ya kiti changu. Watu hudhani mpenda gari ni yule anayeliosha kila Jumamosi. Mimi huliosha mvua ikinyesha, lakini oili haijawahi kupitisha siku yake hata mara moja.

Kwa maoni yangu, Jumapili mnazosimama mkitazamana ndizo zinazowatenganisha. Siku tulipofungua gari la mtu na kupakana grisi, sikusikia neno McRae wala mwaka 1975.

Mzee wa 504 (Nakuru) anajibu:

Nimesoma yote mara 2, na mama wa Probox nimemsoma mara 3, kama nilivyomwuliza mwanawe. Ni kweli nilimkata katika hadithi. Nilikuwa nimeshika sana ile picha hata nikamsahau aliyenitoa pale, na nitamwomba radhi kijana mwenyewe kwa mdomo, si kwa maandishi.

Boksa, marahaba. Nimekusikia. La kukuuliza kama umeoa nadhani ni langu, na nilikusudia kuanzisha mazungumzo, ingawa naona yalianguka vibaya. Jumapili uje na mita yako ya kupimia umeme, ili ule waya wa turubai utolewe na kuwekwa swichi inayostahili, kwa maana sasa feni inazunguka hata asubuhi ya baridi ya Nakuru na injini inachelewa kupata joto. Nami nina deni la kukulipa. Wakati wa kurudi kutoka Kisumu niliwafuata ninyi wenye gia za kujibadilisha mkiteremka kutoka Mau Summit, na taa zenu za breki hazikuzimika hadi Salgaa. Mmoja wenu alipoegesha, tairi zilinuka kama kiatu kilichoanguka jikoni. Mteremko ule umekwisha kuua watu wengi. Mkishuka na mimi mara moja tu, kwa gia ya pili, injini ikilishika gari na mguu ukipumzika, breki zenu zitakaa mara mbili ya zinavyokaa sasa. Gari lako nalo lina sehemu ya kuzuia gia isipande. Nilimwomba mwalimu mstaafu anisomee kitabu cha gari hilo kwenye simu.

Pendekezo la kugawanyika nitalipinga Jumapili, na nitapendekeza kwamba kila mkutano tulifungue gari moja, la kwanza likiwa Probox, iwapo mwenyewe ataturuhusu. Mfuko wa kuvuta utengwe kama Boksa alivyosema. Katika safari ijayo nitatangulia mimi, jambo ambalo baba yangu angelifurahia sana, kwa kuwa hakuwahi kuvumilia kupitwa.

Kabla sijasahau: kaboni yangu ni nzima lakini imebaki kama ukucha. Iwapo kuna mwenye nayo ya ziada, ya feni ya 504, naomba anijulishe.

Gia Tano (Kisumu) anajibu:

Ipo moja, Jaduong'. Ilitoka kwenye 504 ya pikapu iliyolala Yala, na aliyeing'oa ni mfagiaji wetu wa Forester, ambaye hadi leo hajui ni ya kazi gani. Sitaituma kwa basi. Njooni mwichukue, mkianza na lile la polepole.